Daddy Grace: askofu aliyejua biashara, au mfanyabiashara aliyevaa joho? Wanaomfahamu karibuni

#1 Mchungu wa Mwarobaini

Wakuu salaam. Naomba tumjadili Charles Manuel Grace, maarufu Daddy Grace, jina la kuzaliwa Marcelino Manuel da Graça. Mzaliwa wa kisiwa cha Brava, Cape Verde, mwaka 1881 (wengine wanaandika 1884). Familia ikahamia New Bedford, Massachusetts, mwanzoni mwa karne iliyopita. Alipika kwenye treni, akauza cherehani na dawa za chupa, akaendesha duka la vyakula. Baadaye ndiyo akawa askofu, mwanzilishi wa United House of Prayer for All People. Alipofariki Los Angeles tarehe 12 Januari 1960, magazeti yaliandika kwamba ameacha mali ya dola milioni 25.

Hoja yangu: huyu hakuwahi kuacha biashara. Alibadilisha bidhaa tu. Angalia ushahidi: sabuni ya Daddy Grace, dawa ya meno ya Daddy Grace, kahawa, chai, mafuta ya nywele, rangi ya viatu, biskuti. Mpaka gazeti la kanisa lilikuwa na jina lake, na waumini waliliweka sehemu ya mwili inayouma ili wapone. Nani ana hoja ya kunipinga?

#2 Kasuku wa Bandarini

Kichwa cha uzi kinauliza, mwili wa uzi unajibu. Sisi tumeitwa kupiga makofi?

#3 Mhifadhi Nyaraka

Mkuu #1 umeruka hatua nyingi, na kwenye hizo hatua ndiko hoja yako inakopata shida. Hakuwa askofu "baadaye" kwa mkupuo mmoja. Nyumba ya sala ya kwanza aliijenga West Wareham, Massachusetts, mwaka 1919, kwa mikono yake, na gharama inayotajwa na kanisa ni dola 39. Ya pili New Bedford mwaka 1921. Mkutano mkubwa wa hema Charlotte, North Carolina, ni 1926. Usajili wa kisheria wa kanisa Washington D.C. ni 1927.

Kwa hiyo kuna miaka saba hivi ambayo mambo yalikuwa madogo kabisa: kibanda, waumini wachache, hakuna sabuni wala kahawa. Mfanyabiashara anayetafuta faida haraka angefunga hilo tawi mwaka wa pili na kurudi dukani. Elezeni hiyo miaka saba kwanza, sabuni baadaye.

Jina la kanisa lina msingi wake Isaya 56:7, "nyumba yangu itaitwa nyumba ya sala kwa watu wote". Jina kamili ni refu zaidi, linamalizikia na "of the Church on the Rock of the Apostolic Faith".

#4 Mchungu wa Mwarobaini

#3 asante kwa tarehe. Ila miaka saba ya hasara si ushahidi wa wito. Maduka mangapi hapa mjini yanakula mtaji miaka mitano na mwenyewe hafungi?

#5 Binti Sururu

Kabla hamjafika kwenye sabuni, muelewe alikotoka. Watu wa Brava walikuwa wakichukuliwa na meli za kuvua nyangumi za New Bedford tangu karne ya 19. Meli zikipita visiwani kuongeza mabaharia, vijana wanapanda, wanashukia Massachusetts. Uvuvi wa nyangumi ulipokufa, kazi iliyobaki kwao ilikuwa viwanda vya pamba mjini na mashamba ya cranberry, yale matunda madogo mekundu yanayolimwa kwenye kinamasi, maeneo ya Wareham na Cape Cod. Mchuma cranberry alipiga magoti kwenye unyevu siku nzima na kulipwa kwa kipimo alichojaza, si kwa siku. Ndiyo maana nyumba ya kwanza ilisimama West Wareham na si mjini: wenzake walikuwa huko.

Sasa jambo ambalo #1 hakuligusa. Wahamiaji hawa walikuwa na karatasi za Ureno, kwa sababu Cape Verde ilikuwa koloni la Ureno mpaka 1975. Pale New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, waliitwa Wareno weusi. Grace mwenyewe alishikilia maisha yake yote kwamba yeye ni Mreno, si mtu mweusi wa Marekani. Na bado waumini wake, hasa baada ya 1926, walikuwa karibu wote ni weusi wa Kusini mwa Marekani, wakati wa sheria za ubaguzi. Hapo ndipo urithi wake unapoanza kuwa mgumu, kabla hata hujagusa hela.

#6 Padre Mstaafu wa Mtaa

Nakazia hapo kwa #5, na naongeza swali. Watu wa Cape Verde wengi ni Wakatoliki, na Grace alilelewa Mkatoliki. New Bedford kulikuwa na parokia ya Wakatoliki wa Cape Verde, Our Lady of the Assumption, tangu 1905. Kwa hiyo hakukosa kanisa la watu wake. Alilikuta na akaanzisha lake. Maelezo ya kwamba wahamiaji hawakuwa na pa kusalia hayatoshi.

#7 Binti Sururu

#6 ni kweli, ila parokia ile ilikuwa chini ya dayosisi na mapadre waliopangwa kutoka nje. Muuza duka hawezi kupanda daraja humo. Mlango wa uongozi ulikuwa umefungwa, wa kusali ulikuwa wazi.

Na kuna sababu nyingine kavu kabisa ya yeye kwenda Kusini. Sheria za uhamiaji za Marekani za 1917, 1921 na 1924 zilibana: kwanza mtihani wa kusoma, kisha idadi maalumu kwa kila taifa. Wageni kutoka visiwani wakapungua sana. Mhubiri anayetegemea watu wa Brava peke yao angebaki na kundi lisiloongezeka. Charlotte na Savannah kulikuwa na maelfu ya watu wenye njaa ya neno na hakuna aliyewajali.

#8 Mchungu wa Mwarobaini

#7 unanisaidia mimi! Soko limejaa, mtu anahamia soko jipya. Asante sana dada.

#9 Kasuku wa Bandarini

Paulo naye alihama Antiokia. Mfungulieni jalada.

#10 Wakili wa Kibanda Umiza

Tuache ushabiki, twende kwenye hiyo milioni 25, maana kila mtu anaitaja na hakuna anayeifungua.

Takwimu ile ni makadirio ya magazeti ya thamani ya majengo yaliyohusishwa na jina lake. Mambo matatu yanaivuruga.

Kwanza, thamani ya jengo si hela ya mwenye jengo. Mwaka 1953 alinunua El Dorado, lile jengo la ghorofa la minara miwili Central Park West, New York. Jengo la aina ile hununuliwa kwa rehani. Ukiandika "ana jengo la mamilioni" bila kutoa deni, umehesabu mali ya benki kama mali yake.

Pili, jina kwenye hati. Majengo mengine yalikuwa ya kanisa, mengine kwa jina la Grace kama askofu, mengine kwa jina lake tu. Akiwa hai haisumbui, kwa sababu ndiye anayesaini kila kitu. Siku anakufa, kila hati inakuwa kesi.

Tatu, kodi. Muda mfupi baada ya kifo, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, iliweka zuio la karibu dola milioni 5.9 kwa kodi ya mapato ya miaka ya nyuma. Zuio la namna hii linashika mali yote ya mdaiwa, inayohamishika na isiyohamishika, popote ilipo. Kuuza kiwanja kunakuwa shida mpaka limalizwe. Hoja ya serikali ilikuwa rahisi: sadaka ilimfikia yeye, kwa hiyo ni kipato chake. Hoja ya kanisa: ilimfikia kama mdhamini, kwa hiyo ni ya kanisa, na kanisa halilipi kodi ya mapato. Mwisho wakakubaliana dola milioni 1.9.

Anayesema alikuwa tapeli anasoma 5.9. Anayesema alionewa anasoma 1.9. Faili ni moja.

#11 Mhifadhi Nyaraka

#10 umepiga mule mule. Naongeza tu kwamba suluhu ya 1.9 si hukumu. Hakuna mahakama iliyokaa na kusema kiasi gani kilikuwa cha Grace na kiasi gani cha kanisa. Pande zote zilichoka na mali ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo wote wawili, #1 na wapinzani wake, wanatumia namba ambayo haijathibitisha kitu.

#12 Mchungu wa Mwarobaini

Asiye na hatia halipi milioni 1.9.

#13 Wakili wa Kibanda Umiza

Analipa, mkuu, tena kila siku. Ukiwa na nyumba za sala nyingi, mishahara, rehani zinazodai kila mwezi na mali ina zuio, kila mwezi wa kesi unakula zaidi ya suluhu.

#14 Mama Ushanga

Mimi nizungumzie bidhaa, maana #1 amezitaja kama aibu bila kuonyesha zilifanyaje kazi.

Fikiria muundo wake. Muuza sabuni wa kawaida anabeba gharama nne: kutengeneza, kusafirisha, tangazo na duka. Grace aliondoa mbili za mwisho. Tangazo ni jina na sura yake, na duka ni nyumba ya sala ambako wateja wanakuja wenyewe mara kadhaa kwa wiki. Hata bei ikilingana na ya dukani, faida inayobaki ni kubwa. Na ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, ambapo mtu mweusi akiingia duka la mzungu Kusini haruhusiwi hata kujaribu kofia.

Kinachoharibu mfumo huu ni kimoja: bidhaa ya matumizi ikipandishwa kuwa dawa. Sabuni ni sabuni. Lakini gazeti likiwekwa juu ya tumbo linalouma, umeshatoka kwenye biashara ya rejareja, umeingia kwenye ahadi usiyoweza kuirudisha. Mgonjwa asipopona hana stakabadhi ya kurudishia, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Na mgonjwa aliyehitaji daktari anakaa na gazeti tumboni. Hapo mimi simtetei.

Wa Tanzania, Kenya na Kongo hatuhitaji mfano wa mbali. Maji na mafuta ya upako tunayaona.

#15 Mlokole Asiye na Kelele

Mnazunguka mbuyu. Tatizo la Grace ni mafundisho. Arthur Fauset, mwanaanthropolojia aliyechunguza makanisa ya weusi Philadelphia na kuchapisha 1944, alinukuu fundisho kwamba Grace amempa Mungu likizo, kwa hiyo msimsumbue Mungu. Na kwamba ukimkosea Mungu, Grace anaweza kukuokoa, ukimkosea Grace, Mungu hawezi. Kama hayo si kujiweka pahala pa Mungu ni nini?

#16 Mhifadhi Nyaraka

#15 nukuu hiyo ipo na ni maarufu, tena ndiyo inayorudiwa na kila mtu. Lakini angalieni uzito wake. Fauset aliangalia mji mmoja, kwenye kanisa lililokuwa na matawi kuanzia Massachusetts mpaka Kusini. Maneno ya jukwaani, mbele ya watu wanaoimba na kucheka, huwa na mzaha ndani yake. Kanisa lenyewe linakana kwamba lilimwabudu: linasema alikuwa askofu na kiongozi wao wa duniani.

Kwa upande mwingine, huwezi kusema Fauset alibuni. Waumini walimwombea, na walimwomba pia. Yote mawili yalikuwepo kwenye ukumbi uleule, na mpaka leo hujui ni wangapi walikuwa upande gani.

#17 Mlokole Asiye na Kelele

Mzaha juu ya Mungu kuwa likizo. Sawa. Mimi nimenyamaza.

#18 Kasuku wa Bandarini

Jina linasema hana kelele, mnamsukuma mpaka atoe.

#19 Fundi Bomba Mwandamizi

Hakuna aliyetaja ubatizo wa mpira wa zimamoto. Nashangaa, maana ndilo jambo ambalo kila picha yake inaonyesha.

Utaratibu wenyewe: barabara inafungwa, watu wamevaa nyeupe wamejipanga, mpira unaunganishwa na bomba la zimamoto la mtaani, kisha maji yanarushwa juu ili yarudi chini kama mvua. Mdomo wa mpira hauelekezwi kwa watu moja kwa moja, na ipo sababu. Mpira wa inchi mbili na nusu unatoa karibu lita 950 kwa dakika. Ukimlenga mtu kifuani na mkondo ulionyooka, mtu mzima anaanguka, na mtoto anaburutwa. Ukipandisha juu na kutawanya, nguvu inaisha hewani, yanabaki maji tu. Anayeshika mpira lazima awe na mtu wa pili nyuma yake, kwa sababu mpira unasukuma nyuma.

Kwa nini usitumie mto? Piga hesabu. Kuzamisha mtu mmoja mmoja, na sala na kumsaidia kutoka majini, haipungui dakika moja. Watu 300 ni saa tano, askofu amesimama majini kiunoni. Kwa mpira ni dakika chache. Na mabwawa mengi ya kuogelea ya mji, miaka ile, mweusi haingii.

#20 Mlokole Asiye na Kelele

Kubatiza ni kuzamisha. Mvua hainizamishi.

#21 Padre Mstaafu wa Mtaa

Sisi tunanyunyiza kutoka kwenye kikombe. Nitakaa kimya kwenye hili.

#22 Mchungu wa Mwarobaini

Mmeuteka uzi. Naomba turudi kwenye mwenendo wake. 1934 alifikishwa mahakamani Brooklyn kwa kumsafirisha msichana, mpiga kinanda, kuvuka mipaka ya majimbo kwa lengo la uasherati. Akakutwa na hatia, mwaka mmoja na siku moja jela. Askofu huyo mnamtetea?

#23 Wakili wa Kibanda Umiza

Maliza sentensi, mkuu. Mahakama ya rufaa ilibatilisha hukumu hiyo.

Sheria yenyewe, ya mwaka 1910, ilipigwa vita tangu mwanzo kwa sababu haikuhitaji nguvu wala malipo, ilitosha kuthibitisha safari na nia. Jack Johnson, bingwa wa ndondi, alifungwa kwa sheria hiyohiyo, alihukumiwa 1913 na msamaha wa rais akaupata 2018, amekwisha kufa miaka mingi. Ilikuwa fimbo nyepesi kwa mwanamume maarufu mwenye rangi.

Lakini kubatilishwa kwa hukumu si kusema kwamba binti hakukuwepo. Rufaa inaangalia kama ushahidi ulifikia kile ambacho sheria inataka kithibitishwe. Haitoi cheti cha tabia.

#24 Binti Sururu

Afadhali umesema hiyo aya ya mwisho, maana kwenye nyuzi hizi ikifika "rufaa ilibatilisha" msichana anafutwa kabisa. Alitoa ushahidi hadharani dhidi ya kiongozi mwenye wafuasi maelfu. Hiyo nayo iwekwe kwenye mizani.

#25 Mzee wa Zion

Nachomeka mtu mwingine hapa ili mlinganishe: John Alexander Dowie, mhubiri wa uponyaji. Naye mhamiaji, mzaliwa wa Edinburgh, akakulia Australia, akaingia Marekani 1888. Mwaka 1901 akafungua mji wake, Zion, Illinois, na kiwanda cha lesi ambacho mitambo na mafundi walitoka Uingereza. Marufuku mjini: pombe, tumbaku, nguruwe, madaktari, maduka ya dawa. Viwanja haviuzwi, vinapangishwa kwa miaka 1,100.

Grace ukimweka pembeni ya Dowie anaonekana mtu wa kiasi.

#26 Kasuku wa Bandarini

Miaka 1,100! Huku kwetu hati ya miaka 99 tunagombana.

#27 Mhifadhi Nyaraka

#25 mfano mzuri, lakini kwa sababu tofauti na unayoitaja. Dowie aliweka kila kitu kwa jina lake: ardhi, benki, kiwanda. Kiwanda kilidai mtaji mkubwa kabla ya kuzalisha chochote, akawa anaziba kwa amana za waumini. Wadai wakaanza kubisha hodi 1903. Mwaka 1906 waumini wakamwondoa akiwa mgonjwa, na Jaji Kenesaw Mountain Landis akaamua kwamba mali ile haikuwa ya Dowie binafsi, aliishika kwa niaba ya kanisa. Akaweka mpokeaji wa mahakama, yaani msimamizi wa mali anayeteuliwa na mahakama, na kuagiza waumini wapige kura kuchagua kiongozi. Wilbur Voliva, msaidizi wa Dowie aliyeongoza kumwondoa, akashinda.

Hapo mahakama ilijibu lile swali ambalo kwa Grace halikujibiwa. Na mwaka 1904 mjumbe wa Zion, Daniel Bryant, alikuwa ameshabatiza watu Wakkerstroom, Afrika Kusini. Makanisa ya Kizayuni ya kusini mwa Afrika yana shina huko. Mali ilishikwa na mpokeaji wa mahakama, ila jina lilikuwa limeshavuka bahari.

#28 Msomi wa Kwa Mtogole

Wakili #10, kwa sisi wa Tanzania, mtu akianzisha kanisa leo anazuiaje haya ya Grace na Dowie yasimtokee?

#29 Wakili wa Kibanda Umiza

Kwa ufupi. Kanisa linasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Hiyo inakupa uhalali wa kukusanyika, haikupi uwezo wa kumiliki ardhi. Umiliki unatoka kwenye Bodi ya Wadhamini, inayosajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya sheria ya Sura ya 318. Bodi ina muhuri wake na haifi: mdhamini akifa anawekwa mwingine na RITA inataarifiwa, hati inabaki palepale.

Panapoharibika ni hapa. Mwanzilishi ananunua kiwanja kabla ya usajili, anaandika jina lake kwa sababu kanisa bado halipo kisheria. Bodi inapatikana baada ya miaka mitatu, na hakuna anayehamisha, kwa sababu uhamisho unataka ripoti ya mthamini, kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu, na hela hiyo "ijenge kwanza ukuta". Mchungaji anafariki. Msimamizi wa mirathi anakiorodhesha kiwanja kama mali ya marehemu, na kwa karatasi yuko sahihi. Waumini wanabaki kutafuta stakabadhi za michango na mihutasari ya vikao ambayo hakuna aliyeiandika.

Dawa ni mbili: kila mchango wa kiwanja uwe na stakabadhi yenye neno "kiwanja", na siku ya kununua mwanzilishi asaini tamko kwamba anashika kwa niaba ya kanisa. Karatasi moja.

#30 Msomi wa Kwa Mtogole

Shukrani. Hiyo karatasi moja ndiyo itakayokataliwa kusainiwa.

#31 Mama Ushanga

Kwa Grace, baada ya 1960 ilikuwaje hasa? Kanisa bado lipo, kwa hiyo halikufa na mtu.

#32 Mhifadhi Nyaraka

Lipo, na makao yake ni 601 M Street, Washington. Aliyemfuata ni Walter McCollough. Uchaguzi wake ulipingwa mahakamani, uchaguzi mwingine ukafanyika 1962, akashinda tena. Baadhi hawakukubali wakajitenga, wakaanzisha True Grace Memorial House of Prayer. McCollough akaongoza mpaka 1991, akafuata S. C. Madison mpaka 2008, kisha C. M. Bailey. Wote waliitwa Daddy, kwa hiyo cheo kiligeuka kuwa ofisi.

McCollough alijenga nyumba za kupangisha kwa watu wa kipato cha chini na kuimarisha kantini za kanisa, ambazo ziko wazi kwa mtu yeyote anayepita na njaa. Mfumo uleule wa kukusanya hela ambao #1 anauita biashara ndio uliojenga nyumba hizo.

#33 Mchungu wa Mwarobaini

#32 ahsante, ila hayo ni ya McCollough. Mnampa Grace sifa za mrithi wake. Grace alijenga nini kwa ajili ya maskini zaidi ya makasri ya kulala yeye na kucha ndefu zilizopakwa nyekundu, nyeupe na bluu?

#34 Binti Sururu

Kucha zile zilikuwa matangazo pia, mkuu. Mhubiri mwenye mikono ya mchuma cranberry hasikilizwi. Mwenye kucha ndefu anaonyesha kwamba hashiki jembe tena. Kwa mtu aliyepiga magoti shambani tangu utoto hiyo ni hubiri tosha. Halafu 1938 alinunua jengo la Harlem, New York, lililokuwa makao ya Father Divine, mhubiri mshindani wake. Vyombo vya habari vya weusi na weupe vikaandika. Hakuna tangazo la hela lingefika huko.

#35 Mchungu wa Mwarobaini

Basi tumekubaliana. Biashara.

#36 Binti Sururu

Hatujakubaliana. Nimesema alijua kujitangaza. Mtume anayejua kujitangaza bado anaweza kuwa mtume.

#37 Kipenga cha Shaba

Michango thelathini na sita na hakuna aliyetaja tromboni! Hiki ndicho kitu cha Grace ambacho hakina kesi.

Bendi za nyumba zile zimejengwa juu ya tromboni, kuanzia tano mpaka kumi na zaidi, na susafoni (tuba kubwa inayovaliwa begani), ngoma na matoazi. Tromboni moja inaongoza, inaimba mstari kama muhubiri. Chache zinaijibu kwa kukimbia katikati ya mistari yake. Zilizobaki zinashika sauti ya chini, zinarudia kipande kifupi bila kuchoka. Wimbo unaanza polepole, karibu na maombolezo, kisha mwendo unapanda, kiongozi anakatisha, kundi linashika kipande kimoja na kukirudia, ukumbi unasimama.

Kwa nini tromboni na si tarumbeta? Kwa sababu ya mkono unaoteleza. Tarumbeta ina vali, inaruka kutoka noti hadi noti. Tromboni inapita katikati, inaweza kulia, kunung'unika na kupandisha kama koo la mtu. Kosa la wanaoiga ni kuweka tromboni mbili na tarumbeta nne, halafu wanashangaa mbona haipandi. Chini haina mzigo wa kutosha, kiongozi anapiga peke yake angani.

Kings of Harmony na Sons of Thunder ni majina ya kuanzia kwa anayetaka kusikia.

#38 Padre Mstaafu wa Mtaa

#37 hiyo nimeisikia. Simsamehe gazeti la tumboni, lakini hiyo nimeisikia.

#39 Mlokole Asiye na Kelele

Zaburi 150 inataja tarumbeta, kinanda na matoazi. Tromboni haimo.

#40 Kipenga cha Shaba

Mkuu, tarumbeta ya zaburi ile ni baragumu, pembe ya mnyama isiyo na vali. Hata hiyo unayoifikiria haimo.

#41 Msomi wa Kwa Mtogole

Swali la mwisho kwa wanaojua: alizikwa wapi, na familia ilipata nini?

#42 Mhifadhi Nyaraka

Mwili ulipitishwa miji kadhaa waumini wakauaga, akazikwa New Bedford, makaburi ya Pine Grove. Kuhusu familia, kesi zilikuwa nyingi na za kila upande: kanisa, serikali, ndugu, wadai. Ukitaka kuzifuata anza na hati za majengo mji kwa mji, usianze na magazeti, kwa sababu magazeti yanarudia milioni 25 na hati ndizo zinazoonyesha jina gani liliandikwa juu ya nini.

#43 Mchungu wa Mwarobaini

Nitazipitia hati. Na nikikuta jina lake tupu bila neno "mdhamini" kwenye nusu ya majengo, nitarudi hapa.

#44 Wakili wa Kibanda Umiza

Ukirudi njoo na tarehe ya kila hati. Iliyoandikwa kabla ya usajili wa 1927 na iliyoandikwa baada yake hazisomwi kwa namna moja.